Zumari ni ya nani?

(Mazungumzo ya redio ya juma lililopita, kama yalivyosomwa hewani.)

 

Upo usemi wa zamani, ambao wengi wetu tuliusikia tangu tukiwa shuleni, kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu hucheza hadi kwenye Maziwa Makuu. Usemi huo ni wa karne ya 19, enzi ambazo Unguja ilikuwa na nguvu za biashara na utawala, na waliousema walifikiria siasa zaidi kuliko muziki. Walitaka kutuambia kwamba linaloamuliwa Unguja husikika mbali sana bara. Leo naomba tuiweke siasa kando, tuuchukue usemi huu kama ulivyo, halafu tuulize jambo ambalo usemi wenyewe hauulizi. Hiyo zumari iliyopigwa Unguja ilitoka wapi?

Sababu ya kuuliza ni barua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, katika mji wa pwani ambao sitautaja, ameniandikia kwa uchungu. Anasema kikundi chao cha ngoma kilimwomba mzee mmoja, mpiga zumari, awafundishe watoto. Mzee alikubali bila malipo. Kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akienda shuleni kila Ijumaa jioni, na kijana mmoja wa darasa la sita akafikia kupuliza bila kukata sauti, jambo ambalo watu wazima wengi hulishindwa. Siku ya mashindano ikafika. Mwamuzi akawapunguzia alama na kuandika kwenye karatasi: ala hii si ya asili, ni ya kigeni. Mzee alisomewa maneno hayo. Akaifunga zumari yake katika kitambaa, akaenda zake nyumbani, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena shuleni hapo. Mwalimu anauliza: je, mwamuzi yule alikuwa na haki?

Ndugu msikilizaji, swali hili si dogo. Likijibiwa vibaya, mzee yule atazikwa na ujuzi wake, na kijana wa darasa la sita atabaki na kumbukumbu tu. Basi tulijibu pole pole, na tuanze kwa kuielewa ala yenyewe, maana wasikilizaji wetu wengi wa mjini wameisikia kwa mbali tu.

Zumari si filimbi. Filimbi, iwe ya mwanzi au ya bati, hulia kwa sababu pumzi hugonga ukingo wa tundu. Zumari ina ulimi. Kwenye ncha yake ya juu hufungwa vipande vyembamba vya jani gumu au vya tete, vikabanwa hadi vikabakiza upenyo mwembamba mno. Mpigaji huuingiza ulimi huo kinywani, akapuliza kwa nguvu, na vipande vile hutetemeka na kugongana mara mamia kwa sekunde moja. Sauti hupita katika bomba la mti lenye matundu ya vidole, bomba ambalo hupanuka kuelekea chini, kisha ikatoka katika mdomo uliochanua kama ua. Ndiyo maana sauti yake ni kali. Ala hii haikutengenezwa kwa ajili ya sebuleni. Ilitengenezwa ishindane na ngoma, na vigelegele, na upepo wa uwanjani.

Mpigaji hodari hakati sauti. Hujaza hewa mashavuni, na wakati mashavu yanaisukuma hewa hiyo nje, pua inavuta hewa mpya. Anayemtazama kwa mara ya kwanza hudhani mtu huyu hapumui kabisa. Mazoezi ya kufikia hapo huchukua miezi, pengine miaka. Wanaoijua ngoma ya kirumbizi ya kule Lamu, ile ya kucheza kwa fimbo, wanafahamu kwamba zumari ikinyamaza, na fimbo hupoa.

Sasa tuifuate nyuma ilikotoka. Ukianzia Uturuki, utaikuta ikiitwa zurna. Iran ni sorna. Afghanistan na Asia ya Kati ni surnai. Kaskazini kabisa mwa Pakistan, katika milima ya Gilgit, surnai na ngoma hupigwa wakati watu wakicheza polo juu ya farasi, na farasi wenyewe utadhani wanaujua wimbo. India wanaiita shehnai. Malaysia na Indonesia ni serunai. China ni suona. Majina hayo yote, ukiyatamka moja baada ya jingine, unasikia wazi kwamba ni watoto wa mama mmoja. Wataalamu wa lugha hulirudisha jina hilo kwenye Kiajemi, ambako nai ni tete au bomba la kupuliza, na wengi wao husema kwamba sur ni karamu. Yaani, bomba la karamuni. Neno letu la Kiswahili, zumari, limeingilia mlango wa Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kupuliza bomba. Jina limepita mlango mmoja na umbo limepita mwingine, lakini nyumba ni ile ile.

Kufika kwake kwetu hakuhitaji maelezo mengi kwa mtu wa pwani. Upepo wa kaskazi ulisukuma majahazi kutoka Ghuba, Oman na Bara Hindi, yakaja na tende, vitambaa, mazulia na vyombo vya kaure. Upepo wa kusi uliyarudisha yakiwa na pembe za ndovu, boriti za mikoko, na, tusifiche, watu waliotiwa utumwani. Mabaharia hawakai pwani miezi mitatu minne wakisubiri upepo ugeuke bila kupiga muziki. Na wenyeji hawakai miezi hiyo bila kusikiliza.

Kwa hiyo, mwamuzi wetu amepata nusu ya alama. Ni kweli kwamba ukoo wa zumari uko Asia. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomponyoka, na hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame.

Twende India kwanza. Kwa karne nyingi shehnai ilikuwa ala ya mlangoni. Majumba ya watawala yalikuwa na chumba juu ya lango kuu, naubatkhana, na wapigaji walikaa humo wakipiga kwa saa maalumu za siku. Ilipigwa harusini na katika mahekalu, kwa kuwa sauti yake ilihesabiwa kuwa ya heri. Lakini ukumbini, mahali ambapo watu huketi kimya kusikiliza muziki mzito, shehnai haikuwa na kiti. Ilionekana ni ala ya shughuli tu.

Aliyeipatia kiti ni Bismillah Khan. Alizaliwa mwaka 1916 mjini Dumraon, katika jimbo la Bihar, na akakulia Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganges, akifundishwa na mjomba wake ambaye alikuwa mpigaji wa hekalu la Vishwanath. Bismillah Khan alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Shia, mtu wa sala na saumu. Mazoezi yake aliyafanya hekaluni. Mwezi wa Muharamu ulipoingia, aliipiga shehnai ya maombolezo. Mwaka 1937 alipiga katika mkutano mkubwa wa muziki mjini Calcutta, na watu wakaanza kuisikiliza ala hii kwa sikio jingine. India ilipopata uhuru mwaka 1947, shehnai yake ilisikika katika Ngome Nyekundu ya Delhi. Tarehe 26 Januari 1950, nchi ilipokuwa jamhuri, ikasikika tena. Mwaka 2001 alipewa Bharat Ratna, nishani kubwa kuliko zote nchini humo kwa raia. Alifariki mwezi Agosti 2006 akiwa na umri wa miaka 90, na akazikwa pamoja na shehnai.

Tazama sasa mambo yalivyochanganyika hapo. Ala yenye jina la Kiajemi, mikononi mwa Mwislamu, katika hekalu la Wahindu, ndiyo iliyokaribisha uhuru wa India. Kama siku ile angesimama mwamuzi na karatasi yake, angepunguza alama ngapi?

Tutoke India twende China. Suona iliingia huko ikitokea magharibi, kwa njia ya misafara ya Asia ya Kati. Katika mapango ya Kizil, yaliyo eneo la Xinjiang, mna picha za kale ukutani zinazoonyesha mpuliza ala ya aina hii. Miaka ilipopita, Wachina wa vijijini waliifanya kuwa sauti ya mambo mawili ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa, yaani harusi na mazishi. Katika vijiji vya kaskazini, mtu kuzikwa bila suona lilikuwa jambo la kusikitisha.

Mtengenezaji filamu Wu Tianming alitengeneza filamu kuhusu wapiga suona, ambayo jina lake linatokana na wimbo maarufu wa ala hiyo, wimbo wa ndege mia wanaomsujudia ndege mkuu. Inasimulia habari za kijana wa kijijini anayekabidhiwa kikundi na mwalimu wake mzee. Anakipokea wakati mbaya. Katika shughuli moja, wenyeji wameleta bendi ya matarumbeta ya Kizungu, na wapiga suona wanaishia kupigana nayo ngumi. Wu Tianming alifariki mwaka 2014 kabla filamu yake haijafika kwenye majumba ya sinema. Ilipofika, mwaka 2016, wenye majumba waliipa nafasi finyu, ndipo mwenzake mmoja, mtayarishaji Fang Li, akapiga magoti mbele ya kamera akiwaomba waipangie maonyesho. Watu wengi walikwenda kuitazama baada ya hapo. Hata hivyo, tukio lenyewe linatosha kutufundisha. Filamu ililia kwamba suona haina pa kupigwa, nayo filamu ikakosa pa kuonyeshwa.

Ndugu msikilizaji wa Dar es Salaam, sina haja ya kukuchorea picha hiyo. Unaiona kila Jumamosi. Gari la harusi linatangulia, na gari la wazi linafuata likiwa limewabeba wapiga matarumbeta. Nayapenda matarumbeta, na wapigaji wake ni mafundi wanaotafuta riziki yao kwa halali. Ninachosema ni kwamba mahali palipokuwa pa zumari pamekwisha kukaliwa, na hakuna aliyemwuliza mwenye zumari.

Sasa naomba tuvuke bahari tena, safari hii kwa upepo wa kusi. Katika nchi za Ghuba, yaani Oman, Falme za Kiarabu, Bahrain na Kuwait, ipo ngoma iitwayo liwa. Wachezaji huizunguka duara huku zumari ikilia na ngoma kubwa zikijibu. Iliendelezwa huko na watu wenye asili ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wajukuu na vitukuu vya wale waliovushwa wakiwa watumwa. Katika nyimbo zake yamebaki maneno ya Kiswahili, na hata jina la ngoma kama msondo linasikika huko. Pale Ghuba, watu wakiisikia liwa husema hii ni ngoma ya Kiafrika.

Hebu tulipime jambo hili. Huku kwetu mwamuzi anasema zumari ni ya Waarabu. Kule kwa Waarabu, zumari ya liwa inahesabiwa kuwa ya Waafrika. Mzee wetu aende wapi? Huku hana alama, na kule angeitwa mgeni. Hapo ndipo ninapoona kwamba swali la asili ya kitu, likiulizwa peke yake, halina mwisho, na mara nyingi humnyang'anya mtu alichonacho bila kumpa kingine.

Sisi watu wa redio tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu redio iliwahi kukaa katika kiti cha mwamuzi huyo. Nitawasimulia.

Iko ala nyingine ya kupuliza ya Asia, sheng ya China. Ni bakuli dogo lililochomekwa mianzi mingi myembamba, iliyosimama kama vidole vya mikono miwili. Ndani ya kila mwanzi mna kilimi kidogo cha madini kinachotetemeka pumzi ipitapo. Ni ala ya kale sana. Katika kaburi la mtawala mmoja wa jimbo la Zeng, aliyezikwa yapata mwaka 433 kabla ya Kristo na kufukuliwa huko Hubei mwaka 1978, zilikutwa sheng pamoja na kengele za shaba. Ndugu yake wa karibu ni khene ya Laos, ambayo mwaka 2017 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Katika karne ya 18, sheng zilifika Ulaya, nyingine zikiwa zimetumwa kutoka Beijing na wamisionari. Wataalamu wengi wa historia ya ala wanaona kwamba kilimi kile kilichocheza huru ndicho kilichowafungua macho mafundi wa Ulaya. Mwaka 1829, mjini Vienna, Cyrill Demian aliandikisha ala aliyoiita akodioni. Mwaka 1842, mjini Paris, Alexandre Debain akaandikisha hamoniamu.

Akodioni ilifika Zanzibar, ikaingia katika taarab, na leo mtu akikupigia taarab ya Kiunguja bila akodioni utahisi chakula hakina chumvi. Hamoniamu ilifika India pamoja na Wazungu. Wahindi waliipunguza, wakaiondolea miguu na kanyagio, wakaifanya kisanduku cha kuwekwa chini, mkono mmoja ukivuta hewa na mwingine ukibonyeza vidude. Kutoka India ikavuka hadi Mombasa, ikakaa mbele ya waimbaji wa taarab waliopenda mahadhi ya Kihindi, na marehemu Juma Bhalo ni miongoni mwao. Kumbe kilimi cha mwanzi wa China kimeizunguka dunia na kuja kulia katika harusi za Mji wa Kale, na aliyekuwa akicheza hakujua, wala hakuhitaji kujua.

Ndipo redio ikaingia. Mwaka 1940, redio ya taifa ya India, All India Radio, iliipiga marufuku hamoniamu. Sababu za kimuziki zilikuwepo. Muziki wa Kihindi hupenda kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na vidude vya hamoniamu haviwezi kuteleza. Rabindranath Tagore, mshairi mkubwa, alikuwa miongoni mwa walioichukia. Lakini ilisemwa pia kwamba ala hii ni ya kigeni, na aliyekuwa mkuu wa redio hiyo wakati ule, aliyepitisha marufuku ya kulinda Uhindi wa muziki wa Kihindi, alikuwa Mwingereza.

Marufuku ilianza kulegezwa mwaka 1971 tu. Ni zaidi ya miaka 30. Je, katika miaka hiyo Wahindi waliacha kuipiga? La hasha. Iliendelea katika mahekalu, katika nyumba za kufundishia watoto kuimba, na katika kawali za Waislamu. Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, ambaye sauti yake ilifika duniani kote kabla hajafariki mwaka 1997, aliimba akisindikizwa na hamoniamu. Watu walikuwa wameshaamua ni yao, na redio ikachelewa kupata habari.

Lakini nisije nikawafariji kupita kiasi. Hamoniamu ilinusurika kwa sababu ilikuwa na wapigaji mamilioni. Ala yenye wapigaji wachache haina bima hiyo.

Historia ya Asia inatuonyesha ala mbili ambazo zilipigwa na sheria kabisa. Japani ina shakuhachi, filimbi ya mwanzi yenye matundu matano, urefu wake ukiwa kiasi cha sentimita 54. Mbegu yake ilitoka China zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Baadaye ikawa ya watawa wa madhehebu ya Fuke, ambao walitembea mitaani wamefunika vichwa vyao kwa vikapu, na kwao kupuliza kulikuwa ibada. Mwaka 1871 serikali mpya ya Japani ilifuta madhehebu hayo. Ala ingeweza kufa siku ile. Haikufa, kwa sababu walimu waliendelea kufundisha, sasa kama muziki, na kizazi kikapokea kutoka kwa kizazi. Mwaka 1967 shakuhachi ilisikika New York mbele ya okestra kubwa, katika utunzi wa Toru Takemitsu.

Uturuki nako, mwaka 1925, serikali ilifunga zawiya za masufi. Zilipofungwa, nai ilipoteza nyumba yake. Nai ni bomba la tete tupu, ala ambayo Maulana Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273, aliipa nafasi ya kwanza kabisa katika kitabu chake kikuu, akiifananisha na nafsi iliyokatwa kutoka kwao. Nayo ilinusurika, kwa sababu wapigaji waliiweka hai majumbani na redioni mpaka milango ilipofunguka tena kidogo katika miaka ya 1950.

Almuradi, ala haziuawi na sheria peke yake. Sheria inaweza kuidhoofisha ala, lakini kinachoiua ni siku ile ambapo mzee wa mwisho anayeijua hana kijana wa kumpa. Na kijana hukosekana kwa sababu mbili tu, ama ameambiwa ni aibu, ama ameona hailipi.

Sasa narudi kwa mwalimu wetu na swali lake. Jibu langu ni kwamba mwamuzi hakuwa na haki, na nitasema kwa nini.

Kwanza, kama tutaondoa kila kilichokuja na jahazi, tutabaki na meza tupu. Mnazi asili yake ni Asia. Mgomba asili yake ni Asia, na bado hakuna Mhaya au Mchaga atakayekubali uambiwe ndizi ni chakula cha kigeni. Hata neno asili, ambalo mwamuzi alilitumia kuikataa zumari, ni neno la Kiarabu. Limepanda jahazi lile lile.

Pili, kitu huwa cha watu kwa kazi kinayowafanyia. Zumari ya pwani imejifunza kupokezana na ngoma zetu, imejifunza mahadhi ya nyimbo zetu, na mafundi wetu wamekuwa wakiichonga kwa miti yetu. Imeoza wajukuu na imewakaribisha watoto kutoka jandoni. Ikiwa hiyo haitoshi kuifanya yetu, sijui kinachotosha.

Naielewa hofu ya mwamuzi, na nisingependa abezwe. Pengine anaona jinsi vitu vya nje vinavyotumeza na anataka kuweka mlinzi mlangoni. Nia hiyo ni njema. Ila mlinzi mwema huwatambua watu wa nyumbani. Mlinzi wetu amemfukuza babu kwa sababu babu amevaa kanzu, na huku nyuma yake kipaza sauti kinapiga muziki wa kanda uliorekodiwa ng'ambo, na hakuna aliyepunguziwa alama.

Kwa hiyo nina mambo machache ya kuomba, nayo si makubwa. Kamati za mashindano ya shule ziandike upya kanuni zao, zisiulize ala ilitoka nchi gani, zipime imepigwa vizuri kiasi gani na inafahamika kwa watu wa mahali hapo kwa kizazi kingapi. Wenye harusi mjini, wenye uwezo, wamwite mpiga zumari hata kwa nusu saa wakati bwana harusi anapoingia, na wamlipe kama wanavyomlipa mpiga picha, si kwa sahani ya pilau. Sisi wa redio tutoke studio na vinasa sauti vyetu, tuwarekodi wazee hawa, tuandike majina yao na majina ya nyimbo, kwa maana kanda isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na jina.

Na wewe mwalimu, usiingoje kamati. Nenda kwa mzee Ijumaa hii, wala usiende peke yako. Nenda na yule kijana wa darasa la sita, na zumari aibebe yeye kama mzee atamruhusu. Usimwombe mzee radhi kwa maneno mengi. Mwambie tu kijana apulize. Akikosea, mzee atamrekebisha, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kusikia kosa la mwanafunzi wake akanyamaza. Akisharekebisha mara moja, darasa limekwisha funguliwa.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Hawakusema mila hizo lazima ziwe zimeota shambani kwao. Zikishakutunza, ni zako, na una wajibu wa kuzitunza.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kama kwenu yuko mpiga zumari, niandikieni mahali anapopatikana, tukapate kumrekodi. Hadi juma lijalo, kwaherini.